Sikio la Mlingoti

Ilikuwa Jumapili mchana, siku ambayo ukungu uligoma kabisa kuondoka Mafinga. Kiwandani hapakuwa na mtu ila wawili wa zamu: Editha Luhwago, aliyesanifu milingoti, na Lwitiko Mwaisela, aliyesimamia tanuri la kuiokea. Editha alikuwa mbele ya skrini, koti amelifunga hadi shingoni, macho yamemtoka.

"Lwitiko, njoo uangalie. Boti ya Shaame inalalamika."

"Inasema nini?"

"Haisemi. Imeandika tu kwamba kuna kitu haikijui. Chini kabisa, kwenye kitako cha mlingoti."

Lwitiko aliacha chai yake akavuta kiti.

Boti ya Shaame Vuai, iliyoitwa Kipupwe, ilikuwa mbali mno na misonobari ya Mafinga. Ilikuwa kule kusini ambako mawimbi yanaizunguka dunia bila kukutana na nchi, katika Mbio za Mzingo, ambazo kila baharia hukimbia peke yake na boti yake. Karibu nusu ya boti za mbio zile zilikuwa na milingoti iliyotoka hapa, mji wa mbao usio na bahari. Baridi ndiyo iliyokileta kiwanda huku. Vitambaa vya kaboni vilivyolowana resini, gundi inayokaza kwa joto, vinahitaji baridi ili visikaze kabla ya wakati. Hapa mafundi walipata nafasi ya kuvilaza tabaka juu ya tabaka kwenye kalibu ndefu bila haraka, kuvibana, kuviingiza tanurini, na kutoa mlingoti mweusi mwepesi ambao watu wachache waliubeba mabegani huku wakipiga soga.

Tatizo la kaboni ni ukimya wake. Chuma kikichoka hupinda, na mwenye macho akaona. Kaboni hubeba, ikabeba, ikabeba, haioneshi kitu, halafu siku moja inapasuka kwa mlio wa bunduki na kila kilichofungwa juu yake kinamwangukia aliye chini. Ndiyo maana Editha alibuni sikio. Katikati ya tabaka za kila mlingoti alilaza nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, kutoka kitako hadi ncha, na ndani yake akapitisha mwanga. Uzi mmoja tu wa kaboni ukikatika, popote ulipo, mwanga hutetemeka, na tetemeko hilo hupanda kwenye setelaiti likashuka Mafinga. Baharini kuna kelele nyingi, kwa hiyo akaweka chujio: sauti nene zote zibaki nje, ipite ile kali ya nyuzi zinazokatika, basi.

Sasa kitu kinene kilikuwa kinapenya kwenye chujio, kidogo kidogo, kikipotea na kurudi.

"Kabari zinazokibana kitako zimelegea," alisema Editha. Moyoni aliingiwa na hofu. Kwenye bahari ile, mlingoti ukicheza kitakoni utapasua sitaha.

"Fungua chujio tusikie."

"Sijawahi kulifungua boti ikiwa safarini."

"Na kama ni kabari?"

Editha alilifungua. Spika zilijaa maji. Mawimbi yalipiga, kamba zikalia, upepo ukavuma kwa sauti moja ndefu isiyoisha, na chini ya yote hayo, taratibu, kukawa na kitu kinagonga. Du-du. Du-du. Du-du.

"Hiyo ndiyo," alisema Editha. "Sikia. Ni kabari."

Lwitiko alisogeza sikio kwenye spika. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Kabari ingefuata mawimbi," alisema. "Wimbi likipiga, nayo inagonga. Hii haifuati wimbi lolote." Akanyanyua mkono polepole, akaweka vidole viwili shingoni mwake, chini ya taya, akasikiliza huku midomo yake ikihesabu. "Editha. Huyo ni mtu."

Wakatazamana. Mlingoti wa Kipupwe ulipenya sitaha ukasimama ndani ya chumba, na Shaame mwenyewe aliwahi kuwaambia kwamba pale chini ndipo palipo pakavu kuliko kwingine kote. Hulala ameketi, mgongo ameuegemeza mlingoti.

Waliendelea kusikiliza. Ilikuwa ajabu kubwa, na kwa muda mfupi Editha alitaka hata kucheka: mtu yuko mwisho wa dunia na moyo wake unadunda hapa, katikati ya malori ya mbao na harufu ya resini. Du-du. Du-du. Du-du.

Kisha ukanyamaza.

Mawimbi yaliendelea. Upepo uliendelea. Editha aligundua kwamba naye ameacha kupumua. Lwitiko alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Walingoja, wakangoja, mpaka Editha akaanza kuinuka kitini bila kujua anakwenda wapi, ndipo ukarudi, kwa fujo, kama mtu anayeteremka ngazi mbio akijikwaa, halafu ukatulia tena.

"Mama yangu alikuwa hivyo," alisema Lwitiko kwa sauti ndogo. "Mwaka wake wa mwisho."

Spikani kikaja kikohozi, kisha sauti ya mwanamume, nzito, iliyochoka, karibu kabisa kana kwamba yuko chumba cha pili. "Riziki," ilisema. "Leo bahari imeniudhi, Riziki. Nimechoka nayo, nayo imechoka nami. Lakini sikufichi, sina haraka ya kurudi. Nirudi kwa nani?"

Riziki alikuwa mke wa Shaame. Alikuwa amefariki kabla mlingoti huu haujaanza kufumwa.

Kidole cha Editha kilikuwa juu ya kitufe cha kufungia chujio. Alijua anapaswa kubonyeza. Alibonyeza pale tu Shaame alipomaliza kusema.

*

"Tumpigie daktari wa mbio," alisema Lwitiko. "Sasa hivi."

"Tumwambie tumejuaje?"

"Tumwambie tumesikia."

Editha alizunguka chumba. Miezi kadhaa nyuma, Shaame alikuja Mafinga kuuchukua mlingoti wake. Mtu wa Pemba, hakuizoea baridi. Alitembea amejitanda blanketi la nyumba ya wageni na watoto wakamfuata wakimcheka, naye akacheka nao. Siku ya mwisho aliweka kiganja juu ya kaboni nyeusi akauliza, "Bi Editha, hili sikio lenu linasikia nini hasa?" Naye akamjibu bila hata kufikiri, "Linasikia nyuzi tu, nahodha." Mabaharia wote aliwapa jibu hilohilo, na kila mmoja aliridhika, akaondoka na mlingoti wake.

"Tukimwambia daktari," alisema, "uongozi wa mbio watashusha matanga yake kwa mbali. Wana uwezo huo. Atabaki anaelea kwenye mawimbi yale mpaka meli ifike, na meli iko mbali."

"Na tusipomwambia?"

Mlango ulifunguliwa akaingia Kasiano Mgaya, mwenye kiwanda, ametoka kanisani, tai bado iko shingoni. Alikuwa mtu wa maneno machache ambaye alianza maisha kwa kupasua mbao na aliwajua wafanyakazi wake wote kwa majina ya watoto wao. Alitazama nyuso zao mbili.

"Mlingoti gani umepasuka?"

"Hakuna uliopasuka," alisema Editha. Akamweleza. Kisha, kwa kuwa Mgaya hakuelewa, akafungua chujio tena kidogo akamsikilizisha.

Mgaya alikaa chini. Alisikiliza akiwa ameshika paji la uso. "Maskini Shaame," alisema, na alimaanisha. Baadaye akauliza, "Ni huyu tu, au milingoti yote inasikia hivi?"

"Yote. Mradi mtu awe ameegemea au yuko karibu na kitako."

"Yote," alirudia Mgaya. Editha aliona wazo likimwingia usoni na akataka kulizuia, lakini lilikuwa limeshaingia. "Mnaona hii ni kitu gani? Kila mwaka mbio hizi zinapoteza watu. Mwingine anaugua, mwingine anachanganyikiwa kwa upweke, anaruka majini, na nchi kavu hakuna anayejua. Sisi tungejua. Uongozi wa mbio ungeweka msikilizaji kwa kila boti. Na baada ya mbio, meli za mizigo. Mabaharia wangapi huko?"

"Waliambiwa linasikia nyuzi, bosi."

"Wataambiwa vingine."

"Lini?"

"Baada ya kuokoa mtu wa kwanza. Hapo nani atalalamika?" Alisimama. "Leo ofisi yao imefungwa. Kesho wakifungua tu, nitaongea na mkuu wao mwenyewe. Shaame ataokolewa, Editha. Si ndicho unachotaka?"

Ndicho alichotaka. Alimtazama Mgaya akitoka kwenda kwenye gari lake na hakuweza kuona kosa katika neno lolote alilosema, ila alijihisi kana kwamba ndiye anayengoja kukamatwa. Aliwaza juu ya mabaharia wale wengine, kila mmoja peke yake, wakilia, wakitukana, wakiimba vibaya, wakiongea na marehemu wao, na mahali fulani ofisini mtu ana vipokea sauti masikioni anaandika.

"Kuna laini ya fundi," alisema hatimaye.

Lwitiko alimgeukia. Laini ya fundi ilikuwa njia pekee ya mtengenezaji kuzungumza na baharia aliye mbioni, na sheria iliiruhusu kwa jambo moja tu, hatari ya mlingoti. Ikitumika kwa jingine, baharia hutolewa mashindanoni.

"Utamponza."

"Ni moyo wake. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa."

"Na akisema niacheni nife?"

Editha alivaa vipokea sauti.

*

"Kipupwe, Kipupwe. Hapa Mafinga, laini ya fundi."

Sauti ilichukua muda kwenda na muda kurudi. Katikati ya muda huo hapakuwa na kitu ila mkwaruzo.

"Bi Editha!" Shaame alisikika ana wasiwasi. "Umesikia nini? Unapasuka? Nipunguze tanga?"

"Mlingoti mzima, nahodha. Hauna tatizo lolote."

Mkwaruzo. Halafu pumzi ndefu. "Umenitoa roho. Sasa wanipigia nini? Wajua sheria."

"Najua. Uko umeketi wapi?"

"Nimeketi napoketi siku zote. Kwa nini?"

"Nahodha, nilisikia kitu kinagonga kwenye kitako, nikadhani kabari. Nikafungua chujio. Haikuwa kabari. Nimeusikia moyo wako."

Safari hii ukimya ulizidi ule wa setelaiti.

"Wausikia moyo wangu," alisema Shaame.

"Ndiyo. Na una matatizo, Shaame. Unasimama. Si kuruka pigo moja, unasimama kabisa, halafu unaanza tena. Tumeusikia zaidi ya mara moja. Wewe huhisi kitu?"

"Nahisi samaki anageuka humu kifuani. Nikajua uchovu. Na wewe wasema unasimama."

"Unasimama."

"Nani mwengine ausikia?"

"Lwitiko. Na Bwana Mgaya."

"Na toka lini?"

"Leo. Naapa ni leo tu."

Editha alisikia kitu kikiburuzwa, pengine mtu anajivuta kutoka alipoegemea. Sauti ya Shaame iliporudi ilikuwa tofauti, kavu, kama mtu anayezungumza na karani wa forodha.

"Mie nasali hapa, Bi Editha. Hapa hapa. Naomba dua, nalia, nasema maneno ambayo hata mwanangu sijamwambia. Umeyasikia?"

Lwitiko, aliyekuwa anasikiliza kwa spika, alitikisa kichwa kwa nguvu: mwambie hapana. Ilikuwa rahisi sana kusema hapana.

"Nimesikia ulipoongea na Riziki," alisema Editha. "Nilipaswa kufunga. Sikufunga mpaka ulipomaliza."

Mkwaruzo. Mkwaruzo mrefu.

"Basi wajua," alisema Shaame.

"Najua."

"Na bado wanipigia."

"Sikupigii kukuamuru. Nimepiga ili ujue na wewe, kabla ya wengine. Bwana Mgaya ataongea na uongozi wa mbio kesho. Watataka kusikia, na wakisikia watakutoa wenyewe."

"Kwa hiyo mmeniwekea mpelelezi mgongoni, na mie nimemlipa nauli." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Zima."

"Naweza kurudisha chujio. Nitasikia nyuzi tu, kama—"

"Uliniambia hivyo mwanzo. Sikutukani, lakini neno hilo siliamini tena. Zima sikio zima."

"Nahodha, nikilizima kwa amri yako, huku siwezi kulifungua tena. Ni wewe tu kutoka huko. Mlingoti ukianza kukatika hakuna atakayekuonya. Na uko kwenye bahari mbaya kuliko zote."

"Najua niko wapi."

"Na moyo ukisimama usirudi, hakuna atakayejua."

"Zima, Bi Editha."

Lwitiko alikuwa amesimama. "Usizime," alinong'ona. "Editha, usizime. Mtu huyu anataka kufa, umemsikia kwa masikio yako. Ukizima umemuua."

Alimtazama Lwitiko na macho yake yakajaa. Alijua huenda Lwitiko yuko sahihi. Alijua pia kwamba angeweza kumwambia Shaame amezima, asizime, na Shaame asingejua kamwe. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, jinsi lilivyo rahisi.

"Nazima," alisema. "Shaame, tafadhali. Jifikirie."

Alibonyeza. Mstari wa Kipupwe kwenye skrini ulinyooka, kisha ukafutika, na laini ikakatika bila kuaga.

*

Jumatatu Mgaya alipojua alichofanya Editha, hakupiga kelele. Alifunga mlango wa ofisi yake na Editha akamsikia akiongea kwa simu kwa muda mrefu, akijieleza bila kuitaja laini ya fundi. Mkuu wa mbio alimpigia Shaame redio kumuuliza hali yake, na Shaame akajibu kwamba yu salama, apewe habari ya hali ya hewa. Rekodi ya Jumapili iliyobaki kwenye mashine isingetolewa bila idhini ya Shaame, na bila sikio hapakuwa na ushahidi mwingine wa kumlazimisha.

"Ulikuwa na mtu mkononi," Mgaya alimwambia Editha walipokutana uani, "ukamwachia."

Editha alirudi kwenye skrini. Kitu pekee alichobaki nacho kuhusu Shaame ilikuwa alama ndogo ya njano kwenye ramani ya mbio, ileile ambayo yeyote duniani angeweza kuiona, na alama haisemi kama aliye ndani yake anapumua. Boti za siku hizi hujiendesha zenyewe kwa muda mrefu. Kipupwe ingeweza kukimbia na maiti mpaka mwisho wa mbio.

Alama ilikwenda mashariki. Ilikwenda mashariki asubuhi na ilikwenda mashariki jioni. Dhoruba ikaipitia juu, na Editha akaitazama ikipitiwa, akijua hasa ni tabaka lipi la mlingoti linavutwa, wapi, na kwa nguvu gani, na hajui kama linashika. Akienda nyumbani alijikuta amesimama jikoni na sufuria mkononi, hakumbuki alitaka kupika nini. Lwitiko aliacha kuzungumza naye isipokuwa kwa mambo ya tanuri. Mara moja Editha alimkuta ameweka tena vidole viwili shingoni mwake, mbele ya skrini, bila kujitambua.

Kisha siku moja, karibu na saa nne asubuhi, Lwitiko alimwita kwa sauti ambayo Editha aliisikia kutoka upande wa pili wa kiwanda. Alama ya njano ilikuwa imegeuka. Haikuyumba wala haikupotea. Ilikuwa imeelekea kaskazini, kwenye kisiwa cha Tasmania.

Hapo hapo redio ya wazi ya mbio, inayosikika kwenye kila boti, ikafunguka.

"Hapa Kipupwe. Mie Shaame Vuai. Naacha mbio, kwa hiari yangu. Moyo wangu una kasoro, naomba daktari anisubiri bandarini Hobart, na meli iliyo karibu inisogelee kama yaweza." Alipumua. "Na nina neno kwa wenzangu wenye milingoti ya Mafinga. Lile sikio halisikii nyuzi tu. Likifunguliwa chujio lasikia moyo, lasikia mtu akisema na Mola wake. Mie limenifaa. Lakini sikuulizwa. Nanyi hamkuulizwa. Anayetaka kulizima, amwambie Bi Editha, atalizima. Alinizimia mie."

Ujumbe wa kwanza uliingia kabla Shaame hajamaliza kuzungumza. Wa pili ukaufuata. Wengine waliandika matusi, wengine neno moja tu: zima. Editha alizima sikio la kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe, na kila mara aliandika kwanza onyo lilelile kwamba sasa hakuna wa kuwaonya, na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Mgaya alisimama nyuma yake akiiona mistari ikinyooka na kufutika. Mwisho alikwenda akaketi kwenye ngazi za nje na tai yake mfukoni. Walibaki wachache walioandika kwamba liachwe wazi. Mmoja wao, mwanamke wa Chile aliyekuwa wa mwisho mbioni, aliuliza kama kuna mtu anaweza kumsalimia mara mojamoja kupitia laini ya fundi, hata kama atatolewa.

Wiki iliyofuata, mlingoti wa kijana mmoja aitwaye Joaquim ulipasuka katikati. Alikuwa miongoni mwa waliozima. Sikio lingemwonya mapema ya kutosha kushusha matanga. Alivunjika bega na kulala majini na koti la kuokolea mpaka alipopatikana, hai. Habari hiyo Editha aliisoma amesimama, akaisoma tena, kisha akatoka nje kwenye misonobari na kukaa huko mpaka Lwitiko alipokwenda kumchukua.

*

Shaame alikuja Mafinga mvua zilipoanza. Alikuwa amekonda, na chini ya koti, upande wa kushoto wa kifua, palikuwa na uvimbe mdogo wa kifaa alichowekewa na madaktari. Kiwanda kilikuwa kimya. Maagizo mengi yalikuwa yamefutwa na nusu ya mafundi walikuwa kwenye likizo isiyojulikana itaisha lini. Mgaya alimpa mkono, akamuulizia afya yake, akajiondokea.

"Nataka kuusikia," alisema Shaame.

Editha hakuuliza nini. Alimketisha mbele ya spika akafungulia rekodi ya Jumapili ile. Mawimbi yalijaa chumbani, na chini yake ule mdundo. Shaame aliinamisha kichwa. Moyo uliponyamaza, aliweka mkono juu ya kifaa kifuani mwake, akasikiliza ukimya ule mpaka mwisho.

"Hapo," aliuliza, "mie nilikuwa wapi?"

"Sijui, nahodha."

Sauti yake mwenyewe ilipoanza kusema Riziki, alinyanyua kiganja. Editha akasimamisha.

"Hiyo futa. Nikikuona."

Aliifuta mbele yake. Shaame aliikagua skrini, kisha akageukia dirisha na mvua. Madaktari walikuwa wamemkataza kusafiri baharini peke yake maisha yake yote, akamwambia. Kwa hiyo Kipupwe ameiuza. Anaishi kwa mwanawe Chake Chake, na wajukuu wanamwamsha kabla ya adhana.

"Naomba nikuulize," alisema Editha. "Ulikwenda mashariki siku zile zote. Halafu ukageuka. Kwa nini?"

Shaame aligeuka kutoka dirishani.

"Kwa hasira," alisema. "Nilikuwa nimeshajiachia, Bi Editha, nisikudanganye. Ila kila nikilala namkumbuka mwanamke mmoja kakaa na koti lake Mafinga kanisikiliza, na mwili wote wanipata moto. Nikawa napanga maneno ya kukwambia. Nayapanga, nayarudia, nazidisha. Samaki akanigeuka kifuani nikiwa katikati ya maneno hayo, nikasema la, siwezi kwenda kabla sijamgombeza yule. Nikageuza usukani."

Editha alivuta kiti akaketi mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Basi niko hapa," alisema. "Nigombeze."

Lwitiko, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, aliliweka chini taratibu akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Shaame alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akasafisha koo, na akaanza. Alisema mpaka mvua ikakatika nje na chai ikapoa birikani, na Editha hakumkatiza hata mara moja.